Jiwe Lililoitwa Danganyifu: Fosforasi na Asili ya Itale

Watu huvipa vitu majina kabla ya kuvijua vizuri, na aghalabu jina hubaki baada ya ujinga uliolizaa kwisha kuondoka. Mwanafunzi wa lugha hukutana na jambo hili kila anapofungua kamusi. Lakini limo vilevile katika elimu ya miamba, mahali ambapo wengi wetu hatuendi kutafuta habari za maneno. Ndani ya jiwe la itale mna madini matatu madogo sana. Ya kwanza yaliitwa kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kudanganya. Ya pili kwa neno lenye maana ya kukaa peke yake. Na ya tatu kwa maneno mawili yenye maana ya heshima ya bure. Mdanganyifu, mpweke, na mwenye heshima ya bure: hao ndio watatu ambao leo huitwa kutoa ushahidi katika kesi iliyowagawa wataalamu kwa zaidi ya miaka 200, nayo ni kesi ya asili ya itale. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi kesi hiyo ilivyofunguliwa, jinsi mashahidi hawa wadogo walivyochelewa kusikilizwa, na mpaka ambao ushahidi wao hauwezi kuuvuka.

Itale si jiwe geni kwetu. Mawe makubwa yaliyopandana katika ufuko wa ziwa huko Mwanza ni itale, na mtu yeyote aliyeyatazama kwa karibu ameona kuwa si ya rangi moja. Yamechanganyika punje za kwatsi zinazofanana na kioo chenye ukungu, punje za feldispa zilizo nyeupe au nyekundu, na vipande vya ulanga vinavyometameta. Ukilisaga jiwe hilo na kulipima, utaona kuwa sehemu 70 hivi katika 100 ni silika, ile ile iliyomo katika mchanga. Fosforasi iliyoungana na oksijeni aghalabu haizidi sehemu 1 katika 500. Ni kidogo mno hata wapimaji wa zamani waliiandika chini kabisa ya orodha zao, na wengine hawakuiandika kamwe.

Fosforasi yenyewe ilipatikana mwaka 1669 katika mji wa Hamburg. Hennig Brand, mtu aliyekuwa akitafuta jiwe la kugeuza metali duni kuwa dhahabu, alichemsha mkojo mpaka ukakauka, akauunguza mabaki yake, akapata kitu kinachong'aa gizani pasipo moto. Kikaitwa kwa neno la Kiyunani lenye maana ya mchukua nuru. Kwa miaka 100 watu walidhani kuwa kitu hicho ni mali ya viumbe vyenye uhai tu, hasa Gahn na Scheele wa Uswidi walipokionyesha kuwamo katika mifupa. Kwamba kingaliweza kukaa ndani ya jiwe gumu, lililotoka katika vina vya ardhi, halikuwa wazo la kawaida.

Hapo ndipo anapoingia Abraham Gottlob Werner, mwalimu wa chuo cha madini cha Freiberg katika Ujerumani. Alianza kufundisha mwaka 1775, na wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi. Mwaka 1786 alitenga aina moja ya madini ambayo kabla yake ilichukuliwa mara kuwa zumaridi duni, mara kuwa jiwe jingine lolote lenye rangi ya kijani au zambarau. Kwa sababu yalikuwa yamewadanganya wengi, akayaita apatiti, yaani madanganyifu. Miaka miwili baadaye Martin Heinrich Klaproth wa Berlin aliyapima akaona kuwa ni chokaa iliyoungana na tindikali ya fosforasi. Kwa ufupi, ni jamaa ya mfupa. Basi ikajulikana kuwa mchukua nuru yumo pia katika miamba.

Werner huyo huyo alikuwa na fundisho kubwa juu ya asili ya dunia. Alifundisha kuwa hapo mwanzo bahari moja ilifunika kila kitu, na kuwa miamba ilitulia kutoka katika maji yake, tabaka juu ya tabaka. Itale, kwa maoni yake, ilikuwa ya kwanza kutulia, na kwa hiyo ndiyo msingi wa dunia nzima. Fundisho hilo lilikuwa na uzuri wake. Lilikuwa na utaratibu, lilifundishika, na lilikubaliana na mambo mengi yaliyoonekana katika migodi ya Freiberg. Wafuasi wake waliitwa watu wa maji.

Katika Uskoti alikuwako mtu mwenye maoni mengine. James Hutton aliutoa mbele ya Chama cha Kifalme cha Edinburgh mwaka 1785 usemi wake kwamba joto lililo ndani ya ardhi huyeyusha miamba na kuiinua. Ikiwa usemi huo ni kweli, alifikiri, yafaa pawepo mahali ambapo itale imeingia ikiwa majimaji katika mwamba uliokuwapo kabla yake. Mwaka ule ule alikwenda katika bonde la Glen Tilt, na katika kitanda cha mto akaona mishipa ya itale nyekundu imepenya na kukatakata mwamba mweusi wa zamani. John Playfair, rafiki yake aliyeandika maisha yake, asema kuwa Hutton alifurahi kiasi cha kuwafanya viongozi wake wadhani kuwa ameona dhahabu au fedha. Furaha ile ilikuwa na haki yake. Kitu kinachopenya hakiwezi kuwa cha zamani kuliko kinachopenywa, na itale ambayo ni mtoto wa mwamba mwingine haiwezi kuwa msingi wa dunia.

Watu wa maji hawakunyamaza. Walisema kuwa jiwe lililoyeyuka likipoa huwa kioo, na itale si kioo. Sir James Hall alitaka kuwajibu kwa kujaribu, lakini Hutton hakupenda majaribio ya tanuri, naye Hall kwa heshima alingoja. Hutton alikufa mwaka 1797, na mwaka uliofuata Hall alieleza jinsi alivyoyeyusha mawe meusi ya Uskoti: yakipozwa haraka huwa kioo, yakipozwa polepole hurudi kuwa jiwe lenye punje. Ingawa jiwe lile halikuwa itale, hoja ya kioo ilivunjika, na fundisho la maji likaanza kupoteza watu.

Hapa msomaji ataona kinyume kimoja cha ajabu. Werner alishika mkononi mwake madini ambayo yangaliweza kumwambia mengi juu ya itale, akayaita madanganyifu. Hakuwa na chombo cha kuyahoji. Kosa la shahidi lilikuwa ni kufanana na wengine. Kosa la mwulizaji lilikuwa ni kutojua swali.

Majina mengine mawili yana habari zake pia. Johann August Breithaupt, aliyekuwa mwanafunzi wa Werner na kisha mwalimu katika Freiberg, alitaja monaziti mwaka 1829, akiyaita mapweke kwa kuwa fuwele zake zilipatikana moja moja. Monaziti ni fosforasi iliyoungana na metali adimu kama seri, pamoja na thori kidogo. Miaka mitatu baadaye François Sulpice Beudant wa Ufaransa aliyapa madini mengine, yenye fosforasi na metali iitwayo itri, jina la maneno mawili ya Kiyunani, la bure na la heshima. Lilikuwa fumbo la kumchoma Berzelius, mwanakemia mkuu wa Uswidi, ambaye alidhani kuwa ameona ndani yake elementi mpya, kisha ikabidi akiri mwenyewe kuwa amekosea. Katika kuchapwa, herufi ya kwanza ya jina ilibadilika, na fumbo likapotea. Leo twasema zenotimi, neno lisilobeba tena tusi lililokusudiwa. Hata kejeli huweza kufa kwa kosa la mpiga chapa.

Ushindi wa moto haukumaliza kesi. Katika karne ya 20 iligawanyika tena, safari hii miongoni mwa watu waliokubaliana kuwa joto ndilo lililofanya kazi. Norman Levi Bowen, aliyefanya majaribio yake katika maabara ya Washington, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1928 kuwa magma nyeusi ya basalti, ikipoa, huacha fuwele nzito nyuma yake, na majimaji yanayobaki huongezeka silika mpaka mwisho huwa itale. H. H. Read wa Uingereza aliona vigumu kukubali hayo kwa kila itale. Ikiwa itale ni masalio machache ya basalti nyingi, basalti hiyo yote iko wapi? Na ikiwa magma kubwa kiasi hicho iliingia katika ardhi, mwamba uliokuwa mahali pake ulikwenda wapi? Read na wenzake walisema kuwa itale nyingi ni miamba ya zamani iliyogeuzwa pale pale ilipo, bila kuyeyuka yote. Pande hizo mbili zilikutana katika mkutano wa Ottawa mwaka 1947, na makala ya Read ilibeba kichwa kinachoweza kufasiriwa kuwa kuna itale na itale. Maneno hayo yalikuwa na busara kuliko mabishano yaliyoyazunguka.

Mwaka 1958 ulitoka utafiti wa O. F. Tuttle na Bowen, ambaye alikuwa amekwisha kufa miaka miwili kabla. Walionyesha kuwa mchanganyiko wa kwatsi na feldispa, ukitiwa maji na kukandamizwa kama miamba inavyokandamizwa chini ya milima, huyeyuka katika joto lisilofika digrii 700, na kuwa itale za dunia zinakaribiana sana na mchanganyiko ule unaoyeyuka kwanza. Basi haikuwa lazima tena kuiendea basalti. Mwamba wowote wa kawaida wa ukoko wa dunia, ukizama kina cha kutosha na kupata joto, ungeweza kutoa magma ya itale. Swali likageuka. Hapo zamani liliuliza: maji au moto? Sasa liliuliza: ni mwamba gani ulioyeyuka?

Jibu lililoathiri zaidi elimu hii lilitoka Australia. Mwaka 1974 Bruce Chappell na Allan White, waliozichunguza itale za kusini-mashariki ya nchi hiyo, walitoa makala fupi ya kuzigawa katika aina mbili. Aina ya I ni ile iliyotokana na kuyeyuka kwa miamba ambayo yenyewe ilikuwa mtoto wa moto. Aina ya S ni ile iliyotokana na kuyeyuka kwa mashapo, yaani matope na mchanga uliowahi kulala chini ya bahari. Hoja yao ilikuwa nyepesi kufahamika. Mwamba ukioza juani na mvuani, sodiamu na kalsiamu yake huoshwa kwenda baharini, lakini alumini hubaki katika udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ukizikwa na kuyeyuka, itale itakayozaliwa itakuwa na alumini ya ziada kupita sodiamu, potasiamu na kalsiamu zinazoweza kuungana nayo. Mvua iliyonyesha kabla ya jiwe kuzaliwa imeacha alama ndani ya jiwe.

Sasa twaweza kumwita shahidi wetu. Mwaka 1984 T. Mark Harrison na E. Bruce Watson walitoa majaribio yao juu ya jinsi apatiti inavyoyeyuka katika magma. Mambo mawili yalionekana. Magma ikiwa na joto zaidi hupokea apatiti zaidi. Magma ikiwa na silika zaidi huipokea kwa shida. Katika magma ya kawaida yenye silika ya sehemu 72 katika 100 na joto la digrii 850, oksidi ya fosforasi inayoweza kuyeyuka haifiki hata sehemu 1 katika 1,000. Mfano wake ni maji ya chumvi katika mashamba ya chumvi ya pwani. Jua likiyapunguza maji, hufika saa ambapo hayawezi kuibeba chumvi yote, nayo huanza kutulia. Vivyo hivyo magma ya aina ya I ikipoa na silika yake ikizidi, apatiti hutulia mapema, na kila jiwe linalozaliwa baadaye huwa na fosforasi pungufu kuliko lililotangulia. Ukiyapanga mawe hayo kwa kiasi cha silika, mstari wa fosforasi hushuka.

Itale za aina ya S hazikufuata njia hiyo. Katika nyingi zake, kadiri silika inavyozidi, fosforasi hubaki palepale au hupanda. Sababu yake ilionekana katika majaribio ya mwongo wa 1990. Mwaka 1992 Pichavant na wenzake wa Ufaransa walionyesha kuwa magma yenye alumini ya ziada huyeyusha apatiti nyingi zaidi kuliko magma isiyo nayo, kwa kuwa alumini na fosforasi hushikana ndani ya majimaji. Tena kalsiamu, ambayo bila yake apatiti haijengeki, ni haba katika magma ya aina hii, kwa sababu iliyokwisha kutajwa: ilioshwa zamani. Basi fosforasi, ikikosa mwenzi wa kutulia naye, husafiri na magma mpaka mwisho. Mwaka ule ule David London wa Oklahoma alionyesha mahali inapojificha. Huingia ndani ya feldispa yenyewe: atomi moja ya alumini na moja ya fosforasi hukaa mahali pa atomi mbili za silikoni. Kwa hiyo hata feldispa, iliyo nyingi kuliko madini yote ya itale, yaweza kuulizwa habari za fosforasi.

Mpweke naye ana neno lake. Pale kalsiamu ilipo haba na alumini ikizidi, metali adimu huchukuliwa na monaziti. Pale kalsiamu ilipo nyingi, kwa kawaida huchukuliwa na madini mengine yaitwayo alaniti. Hivyo kuonekana kwa monaziti au alaniti chini ya darubini ni kidokezo cha tabia ya magma. Zaidi ya hayo, monaziti hubeba thori na urani, ambazo huoza kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana, na kwa hiyo humwambia mpimaji umri wake. Shahidi anayeweza kusema ni nani na ni lini si wa kudharauliwa.

Ushahidi wa fosforasi umefika mbali kuliko itale zenyewe zilizobaki. Katika vilima vya Jack Hills, magharibi ya Australia, zimo punje za zirikoni zenye umri unaofika miaka milioni 4,400, ambazo miamba iliyozizaa imekwisha kutoweka. Mwaka 2017 Antony Burnham na Andrew Berry walipima fosforasi na metali adimu katika punje hizo. Katika zirikoni za itale za aina ya S fosforasi huwa nyingi. Katika nyingi za punje zile za kale haikuwa nyingi. Wakahukumu kuwa itale za mwanzo zilitokana zaidi na kuyeyuka kwa miamba ya moto kuliko mashapo. Wengine wamezipima kwa alama nyingine, na mabishano yangali yakiendelea. Lakini tazama umbali wake: jiwe limekufa, mtoto wa jiwe amebaki, na ndani ya mtoto huyo chembe ya fosforasi yaulizwa habari za babu.

Haifai, hata hivyo, kumpa shahidi maneno ambayo hakuyasema. Fosforasi haikuwapo pale matope yalipotulia baharini ili ituambie kuwa yalitulia. Husema jambo moja tu kwa hakika: kwamba magma ilikuwa na alumini ya ziada na kalsiamu haba, au haikuwa nayo. Kutoka hapo hadi kwenye mashapo ni hatua ya pili, na hatua hiyo ni yetu, si yake. Wako wataalamu, kama W. J. Collins katika makala yake ya mwaka 1996, walioeleza kuwa itale zile zile za Australia ni mchanganyiko wa magma za asili mbalimbali, na kuwa mpaka kati ya I na S si ukuta bali ni mteremko. Tena itale ya aina ya I, ikikaribia mwisho wa kupoa, yaweza kupata alumini ya ziada kidogo na kufanana na nyingine. Katika jambo hili fosforasi husaidia sana, kwa sababu jiwe kama hilo limekwisha kuipoteza fosforasi yake njiani, hali jiwe la aina ya S bado linayo. Lakini kusaidia si kuhukumu. Mwanachuo mwema huhesabu fosforasi pamoja na isotopu, pamoja na punje zinazoonekana kwa macho, pamoja na mahali jiwe lilipo katika ardhi.

Jambo hili halikuishia katika vitabu. Fosforasi inayosafiri na magma mpaka mwisho husafiri na wenzake: lithi, bati, na tantali. Itale ya Beauvoir katika Ufaransa, yenye oksidi ya fosforasi karibu sehemu 1 katika 100, ina lithi ambayo mwaka 2022 kampuni moja ilitangaza nia ya kuichimba kwa ajili ya betri. Na karibu nasi, katika ukanda wa Karagwe na Ankole unaopita Rwanda, Burundi, kusini-magharibi ya Uganda na kaskazini-magharibi ya Tanzania, itale za karibu miaka milioni 1,000 zenye alumini ya ziada ndizo zinazohusishwa na bati ambalo watu wamelichimba kwa vizazi. Katika Rwanda, mahali paitwapo Buranga, karibu na Gatumba, upo mwamba wa pegmatiti, aina ya mwamba wenye fuwele kubwa unaozaliwa na majimaji ya mwisho kabisa ya itale. Mwamba huo umejulikana kwa wingi wa madini yake ya fosforasi. Mwaka 1977 mawili kati ya hayo, yaliyokuwa mapya kwa elimu, yalipewa majina: burangaiti na gatumbaiti.

Majina hayo mawili yananipendeza kuliko yale ya Kiyunani. Hayakumtukana mtu, wala hayakulilaumu jiwe kwa kosa la mtazamaji. Yalisema tu mahali lilipoonekana, yakaacha mengine yasemwe na wakati. Werner alikuwa mwalimu mkubwa, na wengi waliompinga walikuwa wamefundishwa naye. Lakini alijua itale imetoka wapi kabla ya kuiuliza, na jiwe lililokuwa na habari akaliita danganyifu. Miaka 200 baadaye jiwe hilo halijabadilika hata kidogo. Tulijifunza kuliuliza swali ambalo lina jibu lake, na kunyamaza pale ambapo halina.